Sura ya Sita: Mzigo Uliotembea

"Haya, tuanze upya," alisema Bi Kwanini. "Mlimani gari lilifanyaje?"

Dereva alijifuta jasho kwa bega, maana mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye ncha za vidole, na wa kushoto ulikuwa umefungwa pingu kwenye kiti.

"Lilikataa kupanda, afande."

"Gari si punda. Lilikataa vipi?"

"Tairi za nyuma zilizunguka bure. Zinasugua lami, hazishiki. Ungedhani kuna mtu amesimama nyuma ya pikapu anainyanyua kwa mikono miwili. Nikaweka gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta mpaka injini ikatoa moshi. Tulifika juu kwa kutambaa."

"Na mteremkoni?"

"Mteremkoni ikawa kinyume. Sasa nyuma imekaa chini, mbele imekuwa nyepesi kama karatasi. Nakata kona, usukani unazunguka, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Nakanyaga breki, trela linanisukuma mgongoni. Likaanza kuyumba, huku, kule, huku… Mke wangu akaniambia, 'Shikilia.' Ndilo neno lake la mwisho, afande. Shikilia. Nami nilikuwa nimeshikilia."

Mkuu wa kituo alikuwa ameegemea mlango, kikombe cha chai mkononi. Alicheka kwa pua.

"Yaani mzigo ulikuwa nyuma, ulipofika kileleni ukachoka kukaa nyuma, ukahamia mbele. Ulitembea kwa miguu au ulikodi pikipiki?"

"Hakukuwa na mzigo, mkuu. Mashua ilikuwa tupu."

"Umemsikia, Inspekta? Tupu! Vijana wameitoa mtaroni kwa mikono yao, wakaipandisha kwenye lori huku wanapiga soga. Leo bwana huyu anatuambia mashua hiyohiyo ilishinda nguvu za pikapu." Akapiga funda la chai. "Asubuhi ya siku ile jirani alimsikia anamfokea mkewe, 'Leo utanijua mimi ni nani.' Kabla jua halijapanda vizuri, mke amekufa na yeye ana mchubuko wa mkono. Mimi sihitaji hesabu nyingine. Saa tisa gari la mahakama linakuja kumchukua. Kuua kwa kukusudia."

Akageuka akaondoka, na harufu ya tangawizi ikabaki mlangoni.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Jina la Bi Kwanini alibandikwa na wenzake chuoni, wakidhani watamkomesha tabia ya kuuliza. Alilipokea akalivaa kama nishani.

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Tulikuwa tunatambiana, afande. Nani ataiendesha mashua kwanza. Yeye kazaliwa kwenye karakana ya mashua, tangu mdogo mtaa mzima unamwita Nahodha. Tangu nimuoe ananicheka kwamba majini mimi ni kuku. Nikamwambia leo utanijua." Akainamia bandeji yake. "Mashua ile baba yake alimjengea yeye. Angevusha abiria. Alikuwa hawezi kungoja mchana, akaniamsha alfajiri, twende tukaichukue."

"Mliikuta wapi?"

"Uwanjani kwa baba mkwe, juu ya trela, imefunikwa. Mwenyewe hayupo, alishakwenda kununua misumari. Nilipounganisha trela niliona springi zimelala. Nikamuuliza mke wangu, mbona nzito? Akasema baba kaongeza mbao."

"Nini kingine? Hata kama ni cha kipuuzi."

Dereva alisita. "Kuna sauti. Kwenye matuta, kabla ya mlima, nilisikia kitu ndani ya mashua. Kama mtu anageuka kitandani."

Sajini, ambaye muda wote alikuwa anaandika, aliinua kichwa.

"Na hukusimama ukaangalia?" aliuliza Bi Kwanini.

"Kulikuwa na turubai, afande. Turubai la baba mkwe."

Alilisema hilo kama vile lilikuwa limeshaeleza kila kitu.

Walipokuwa wanamrudisha mahabusu walipita mbele ya kaunta. Hapo alikuwa amesimama Fundi, baba mkwe wake, mzee mrefu, mkavu, kanzu imemlegea mabegani. Alikuwa anakuja kila siku tangu mazishi. Dereva alipomwona, aliinamisha kichwa kwa mazoea ya miaka yote.

"Shikamoo, baba."

"Usiniamkie!" Sauti ya Fundi ilipasua ukumbi mzima. "Mdomo uliomfokea mwanangu usiniamkie mimi! Na nyie mnamsikiliza nini tena? Anaisingizia mashua yangu! Inspekta, njoo unisikilize mimi. Mashua nzito tumbo lake linazama, hailimi maji, inayabeba. Injini inalia, mafuta yanateketea, mwendo hakuna, wimbi dogo tu linaingia ndani. Mimi nimeyajua hayo kabla mama yako hajaolewa. Kila ubao nimeukondesha kwa randa mpaka mashua ile iteleze kama sabuni. Halafu huyu kinyago aseme ilikuwa nzito?"

"Nimekusikia, mzee."

"Hukunisikia. Ungenisikia angekuwa ameshanyongwa."

Dereva alisukumwa ndani. Mlango wa chuma ulifungwa nyuma yake.

*

"Mimi nina jibu," alisema Sajini walipokuwa njiani kwenda mlimani. Alikuwa kijana wa maneno mengi, na gari la polisi aliliendesha kama anavyozungumza. "Ndani ya mashua kulikuwa na mtu."

"Nani?"

"Mwanamume. Kajificha chini ya turubai. Mke anajua, mume hajui. Au mume anajua, ndiyo maana akasema leo utanijua. Mzigo unaotembea, afande, ni mtu. Akikaa nyuma, nyuma kuzito. Akienda mbele, mbele kuzito."

"Uzito wako ni kilo ngapi?"

"Sabini na kitu."

"Ukipanda nyuma ya pikapu, tairi zinaacha kushika lami?"

Sajini alipiga hesabu mwendo wa nguzo kadhaa za umeme. "Basi walikuwa kumi," alisema hatimaye, na wote wawili wakacheka kidogo. Ndicho kicheko pekee walichokipata siku hiyo.

Mlima haukuwa mkubwa. Ulikuwa mwinuko wa kawaida, ule ambao dereva hupunguza gia moja bila kukatisha mazungumzo. Nusu ya njia Bi Kwanini aliamuru gari lisimame, akashuka, akapiga magoti kwenye lami. Michirizi miwili myeusi ilikuwa imekolea pale, mifupi, minene, kama imepakwa kwa brashi.

"Alama za breki hizo," alisema Sajini.

"Breki hukanyagwa mtu anaposhuka. Upande huu ni wa kupanda. Tazama zilivyosagika palepale." Akachukua rula ya Sajini, akailaza juu ya kidole chake kama bembea ya watoto. "Kidole ni ekseli ya trela. Ncha hii imeungwa kwenye pikapu. Ukiweka uzito hapa nyuma kabisa, nini kinatokea?"

Akabonyeza ncha ya nyuma. Ya mbele ikainuka.

"Mkia wa pikapu unanyanyuliwa," alisema Sajini polepole. "Tairi zinazunguka hewani."

"Hewani si sana, lakini ya kutosha. Hapo hakusema uongo. Ukihamishia uzito mbele…" Akabonyeza upande wa pili. "Mkia wa pikapu unagandamizwa, pua inainuka, tairi za usukani hazina kazi. Napo hakusema uongo. Mtu mwongo, Sajini, hudanganya jambo moja likaeleweka. Huyu ametuambia mambo mawili yanayopingana, na yote mawili yameandikwa barabarani."

Chini ya mteremko, kwenye kona, palikuwa na banda la mabati la fundi wa pancha. Mtaro uliokuwa mbele yake bado ulikuwa na vioo. Fundi wa pancha alikuwa mnene, mchangamfu, na alianza kueleza kabla hajaulizwa. Alieleza pikapu ilivyokuja ikicheza kama mlevi, trela lilivyopita pembeni likitaka kuwa mbele, mashua ilivyobamiza ukingo wa mtaro ikapasuka ubavu.

"Ulimwona mtu yeyote akitoka ndani ya mashua?" aliuliza Sajini.

"Mtu? Hakuna mtu. Ilitoka petroli."

Bi Kwanini alimgeukia. "Petroli gani?"

"Petroli, mama! Si ya kikombe, ya kuoga mtaa mzima! Mashua ilipopasuka ilishuka kwa mkupuo, ikafunika barabara, ikaja mpaka hapa nilipoweka pampu. Nilipiga kelele, 'Moto! Kimbieni!' Tukakimbia wote mpaka kule kwenye kiwanda cha matofali. Tukangoja ilipuke."

"Ikalipuka?"

"Haikulipuka." Uchangamfu ulikuwa umeanza kumtoka. "Tulingoja muda. Yule bwana alikuwa anatuita, mkono wake umebanwa mlangoni. Dada alikuwa anavuja damu, anapiga kioo. Kwanza kwa nguvu, halafu… Sisi tulidhani tukienda tunakwenda kuungua naye. Tuliporudi, mtaro ulikuwa umeshakunywa karibu yote na dada alikuwa ameshanyamaza."

Lori lilipita likavuma, vumbi likatua.

"Ilinuka?" aliuliza Bi Kwanini.

"Nani alingoja kunusa?"

"Ilikugusa popote?"

"Ndala hizi hapa zililowa chapachapa."

"Nipe."

Fundi wa pancha alivua ndala moja akampa, akiwa amekodoa macho. Inspekta wa polisi, mbele ya watu, aliipeleka ndala ile puani, akavuta pumzi, akaivuta tena. Halafu akamkabidhi Sajini, ambaye alinusa kwa kujikaza.

"Inanuka mguu, afande."

"Petroli?"

"Hata chembe."

"Mpira mbovu kama huu ungeikumbuka petroli mpaka mwaka kesho. Na mkaguzi wa magari aliandika nini kuhusu tangi la pikapu?"

"Zima. Limejaa nusu."

Fundi wa pancha alikuwa anawatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Alielewa kabla hawajamwambia. Alikaa chini, juu ya tairi kuukuu, mguu mmoja peku.

"Msiniambie," alisema. "Jamani, msiniambie. Yule dada alikuwa anapiga kioo."

*

Walipanda mlima ule kurudi mjini. Nyuma ya gari la polisi kulikuwa na dumu la maji ya rejeta, limelala ubavu. Walipovuka kilele na pua ya gari kuinama, dumu lilitoa sauti, nzito, ya taratibu, kama mtu anageuka kitandani.

"Simamisha!"

Sajini alikanyaga breki. Dumu likageuka tena.

"Rudi juu. Shuka tena. Polepole."

Walipanda, wakashuka. Wakipanda, maji yalikimbilia nyuma. Wakishuka, yalikimbilia mbele. Bi Kwanini alikuwa amekaa amefumba macho, kichwa kimegeukia kiti cha nyuma kama anasikiliza redio.

"Hilo dumu limejaa?"

"Nusu, afande. Lingejaa lisingelia."

"Lingejaa lisingetembea." Akafumbua macho. "Mashua ilikuwa na maji, Sajini. Nusu ya tumbo lake. Hiyo ni zaidi ya tani nzima, isiyo na kamba wala breki. Gari likipanda, tani inakaa kwenye mkia wa trela. Likishuka, tani inakimbilia mbele na kumkalia dereva mgongoni. Akikata kona, nayo inakata kona, lakini imechelewa. Hakuna mwanadamu angeshikilia. Halafu mashua inapasuka, silaha inamwagika, jua linaifuta, na vijana wanakuja kuokota mashua nyepesi huku wanapiga soga."

Sajini alitoa mikono kwenye usukani kana kwamba umemuunguza. "Aliyebuni hilo ni shetani," alisema.

Uani mwa kituo, mashua ilikuwa imelazwa kando ya ukuta, katikati ya mabaki ya pikipiki. Bi Kwanini aliingia ndani yake na viatu vyake. Mbao zilikuwa nyekundu, laini, zimepigwa randa na mkono usiobahatisha. Pande zote mbili, usawa wa goti lake, kulikuwa na mstari. Chini ya mstari mbao zilikuwa zimekolea rangi. Juu yake zilikuwa zimepauka. Alipitisha ukucha kwenye maungio ya mbao. Juu ya mstari ukucha ulizama. Chini ya mstari haukuingia, mbao zilikuwa zimevimba na kubanana.

"Maji haya hayakukaa saa moja," alisema. "Yalikaa siku."

Kwenye tezi, nyuma kabisa, chini, palikuwa na tundu la kutolea maji, la kuingiza kidole gumba. Halikuwa na kizibo. Sajini alimwaga ndoo ya maji ndani, upande uliokuwa mzima, na wote wawili wakachuchumaa nje kutazama. Maji yalifika kwenye tundu yakasimama. Tone moja lilidondoka. Likafuata jingine, kwa uvivu.

"Dereva alisema aliona inadondoka kidogo," alisema Sajini. "Niliandika. Alidhani ni umande."

Bi Kwanini alichomeka waya, akauzungusha, akavuta. Kilitoka kitu kama donge la nywele, jekundu, gumu, limeshikamana. Nyuma yake maji yakafyatuka, yakamlowesha mikono yote miwili. Alilifungua donge kwa vidole kwenye kiganja. Yalikuwa maranda, mabaki membamba ya mbao yatokayo kwenye randa, yamejikunja kama pete. Yalikuwa yamevutwa na maji mpaka yakajipakia tunduni yenyewe kwa yenyewe.

Alikaa amechuchumaa vile, maji yanampita miguuni, kwa muda uliomtia Sajini wasiwasi.

"Afande? Kwa nini mtu ajaze maji ndani ya mashua?"

Lilikuwa swali lake, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikuwa amemtangulia kuliuliza.

*

Karakana ya Fundi ilikuwa safi kuliko nyumba nyingi. Tezo, misumeno na randa zilikuwa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, kila kimoja na misumari yake miwili. Sakafu peke yake ndiyo iliyokuwa chafu, imefunikwa maranda mekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi, hafanyi kitu. Alipomwona mpelelezi hakuinuka.

"Mmeshampeleka mahakamani?"

"Shikamoo, mzee. Bado."

"Marahaba. Mnangoja nini?"

"Nimekuja unifundishe. Kazi hii siijui."

Kidogo, mgongo wa mzee ulinyooka. "Uliza."

"Mashua ya mbao ikikaa nchi kavu muda mrefu, inakuwaje?"

"Inakauka. Mbao zinasinyaa, maungio yanafunguka, unaona mpaka jua upande wa pili. Mjinga ataishusha majini vile vile, izame mbele ya macho yake. Wengine wanajaza kalafati, pamba na lami, wanaiongezea uzito bure. Mimi kalafati natia ya kiasi." Akainua kidole. "Halafu naimwagia maji ndani, nusu, ikiwa hapahapa juu ya trela. Naifunika turubai jua lisiyaguse. Siku mbili, tatu. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana zenyewe. Hilo sijamfundisha mtu. Wanafunzi wangu wote wanadhani ni lami."

"Hata binti yako?"

"Nahodha ningemfundisha. Nilikuwa namngoja atulie." Akatazama pembeni. "Turubai langu halifunguliwi na mtu. Mke, mtoto, mkwe, hakuna. Mkwe alijaribu kulifunua mara moja, mwaka alioposa. Nilimwambia akirudia tena binti hapati. Tangu hapo hata akipita karibu anafunga mikono nyuma."

Sajini aliyekuwa amesimama mlangoni alitazama chini. Karibu na bega lake, kwenye msumari mmoja, kilikuwa kimening'inia kizibo cha mbao kimefungwa kamba nyekundu.

"Na mashua ya Nahodha uliijaza maji," alisema Bi Kwanini.

"Jumapili. Jumanne jioni nikayatoa. Mimi si mwehu, najua gari si mashua. Kizibo hicho hapo, nilikitoa kwa mkono huu, nikakitundika nisije nikakipoteza. Maji yaliruka kama bomba limepasuka. Muulize jirani, alilalamika nimemtia tope mlangoni."

"Uliyaona yakiruka."

"Kwa macho yangu."

"Uliyaona yakiisha?"

Mzee alikitazama kile kizibo kwenye msumari.

"Jioni ilikuwa imeingia," alisema baadaye. "Nilikuwa na safari ya misumari alfajiri. Yalikuwa yanatoka vizuri. Nilijua mpaka asubuhi yataisha. Maji hayana pa kwenda ila kutoka."

"Ndani ya mashua, kabla hujaijaza, ulipiga randa?"

"Viti. Nilivikondesha viti vile viwe vyepesi. Kwa nini?"

Bi Kwanini alitoa mfuko wa plastiki, akauweka juu ya benchi, akauacha hapo. Mzee aliufungua. Alitia vidole, akachomoa pete moja nyekundu, akainusa, akaitazama kwa mwanga wa mlango. Hakuulizwa kama anaitambua. Randa kubwa iliyokuwa ukutani nyuma yake ilikuwa na pengo dogo kwenye kisu, na kila pete moja mfukoni mule ilikuwa na mkwaruzo mmoja katikati, mahali palepale.

"Umeyatoa wapi?"

"Tunduni."

Nje mtu alikuwa anapiga msumari, mapigo ya taratibu. Fundi aliirudisha ile pete mfukoni kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachovunjika. Akashuka kwenye benchi. Akaelekea mlangoni, akakigusa kizibo kwenye msumari, akakigeuza, kana kwamba anataka kuhakikisha ni chenyewe. Sajini alimdaka chini ya makwapa.

"Nilimpunguzia uzito," alisema mzee. Hakuwa anaongea nao. "Kila ubao. Nilimpunguzia."

"Mzee, kaa kwanza."

"Saa ngapi sasa?"

"Inakaribia tisa."

"Nipelekeni."

*

Gari la mahakama lilikuwa limeshafika uani, mlango wake wa nyuma wazi. Mkuu wa kituo alikuwa ameshika kalamu tayari kutia sahihi. Bi Kwanini alimwekea mbele ule mfuko wa plastiki, akamnong'oneza maneno machache. Mkuu alimtazama yeye, akamtazama mzee aliyeshikiliwa na Sajini, halafu akaifunika kalamu yake.

Walimpeleka Fundi mpaka mahabusu. Dereva alikuwa ameshasimama, ameambiwa ajiandae. Alipomwona nani anakuja alirudi nyuma hatua moja, kwa woga. Lakini mazoea yalimshinda, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Marahaba ni neno dogo, mzee yeyote huliitikia bila kufikiri. Yeye aliliruka. Alishika nondo kwa mikono yote miwili, mikono mikubwa yenye makovu ya tezo, akajisogeza mpaka paji la uso likagusa chuma.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo kituo kile kilikuwa hakijawahi kuisikia kwake. "Ulisikia ni nzito. Inspekta kaniambia ulisikia kitu kinageuka ndani. Kwa nini hukufunua turubai?"

Bi Kwanini aligeuza uso ukutani. Hili ndilo swali pekee, tangu aingie kazini, ambalo hakutaka lijibiwe.

Dereva aliinua macho. Alikuwa bado hajui kitu. Alimtazama mkwewe kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jina lake na aliyempa.

"Si ulinikataza, baba?"